Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya: Jina, Dawa na Mazoezi kwa Watu Wenye Ugonjwa wa Parkinson

Kwa: Wizara ya Afya, Dodoma
Pamoja na: TAMISEMI, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Bohari ya Dawa

YAH: UBORA WA MAISHA YA WATU WENYE UGONJWA WA PARKINSON

Ugonjwa wa Parkinson huanza taratibu na kumkaa mtu kwa miaka mingi. Chimbuko lake ni kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanzisha mwendo na kuufanya uwe laini. Seli hizo zimo katika sehemu ndogo nyeusi ndani ya shina la ubongo, na kufikia siku mkono unapoanza kutetemeka, nyingi kati yake, pengine nusu au zaidi, zimekwisha kufa. Daktari wa London, James Parkinson, aliueleza mwaka 1817. Hadi leo hakuna tiba ya kuuondoa. Lakini sehemu kubwa ya mateso ya mgonjwa wa Tanzania haitokani na seli zilizokufa. Inatokana na ugonjwa kukosa jina, dawa kukatika na mwili kuachwa bila mazoezi. Mambo hayo matatu yamo ndani ya uwezo wa mfumo wa afya uliopo, na ndiyo yanayowekwa mbele ya Wizara katika barua hii.

Idadi ya wagonjwa inakua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba wameongezeka maradufu katika miaka 25. Sababu kubwa ni umri, kwa kuwa ugonjwa huwapata zaidi waliovuka miaka 60, na wanaofika umri huo wanazidi kuwa wengi. Tanzania ina takwimu zake yenyewe. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, sawa na watu 20 hivi katika kila 100,000. Uwiano huo ukitumika kwa Watanzania milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, hupatikana ukadirio wa watu 12,000 hivi. Ni hesabu ya kukisia, kwani wilaya moja si nchi nzima, lakini inatosha kuonyesha kwamba wanaozungumzwa hapa si watu wawili watatu. Lililo zito zaidi katika matokeo ya Hai ni kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa hawajawahi kuambiwa wana ugonjwa gani, wala hawakuwa wakitibiwa.

Utafiti mwingine wa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, uliwasikiliza wagonjwa na wanaowatunza. Waliuita ugonjwa wa kutetemeka. Hilo ni jina la dalili, na halimwambii mtu chanzo wala dawa. Palipokosekana jina, maelezo mengine yalijaza nafasi: kwa wengine ni uzee, kwa wengine ni kurogwa. Kila maelezo yana gharama yake. Anayeamini ni uzee hubaki nyumbani, kwa sababu uzee hauna dawa. Anayeamini amerogwa huanza kwa mganga, na fedha ambayo ingenunua vidonge huishia huko. Nchini Uganda, Waganda wana imani kwamba kutetemeka huja kwa kuvunja mwiko wa heshima kati ya wakwe, na huita hali hiyo obuko. Shirika la wagonjwa la huko limejiita Parkinson's Si Buko, likawa limetoa jibu katika jina lake lenyewe. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mgonjwa wa namna hii hafichi kitu. Hana jina la kutaja.

Kuutambua ugonjwa hakuhitaji mashine ya gharama. Dalili kuu za mwili ni nne: kutetemeka kwa mkono au mguu uliotulia, kukakamaa kwa misuli, mwendo kuwa wa polepole, na baadaye kuyumba. Kwa kawaida huanza upande mmoja wa mwili. Wepesi wa mwendo kupungua ndiyo dalili ya msingi, kwani wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Tena si kila anayetetemeka ana Parkinson. Mkono unaotikisika pale tu mtu anapoinua kikombe au kuandika mara nyingi una tatizo jingine, lililo la kawaida zaidi. Tabibu wa zahanati anaweza kumwomba mtu agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, ainuke kitini bila kushika, kisha atembee hatua chache na kugeuka. Vidole vikizidi kupungua kasi na upana, mkono mmoja usipopunga wakati wa kutembea, na kugeuka kukihitaji hatua nyingi ndogo, hiyo ni sababu tosha ya kuandika rufaa. Dalili nyingine hutangulia kwa miaka: kupoteza uwezo wa kunusa, kufunga choo, na kupiga kelele au kurusha mikono usingizini.

Ubora wa maisha nao unaweza kupimwa bila kubahatisha. Dodoso la PDQ-39, lililotungwa Oxford, Uingereza, katika miaka ya 1990, lina maswali 39 katika maeneo manane: kutembea, shughuli za kila siku, hali ya moyo, aibu, msaada wa watu, akili na kumbukumbu, mawasiliano, na maumivu ya mwili. Dodoso humuuliza mgonjwa ni mara ngapi ugonjwa umemzuia kuishi kama anavyotaka. Maisha ya mgonjwa wa Tanzania huonekana vizuri yakipitishwa katika maeneo hayo, moja baada ya jingine.

Katika kutembea, hatua hufupika, miguu huburuta na kandambili huchomoka. Mlangoni au penye njia nyembamba miguu huganda ghafla kana kwamba imegundishwa sakafuni, huku kiwiliwili kikiendelea mbele, na mtu huanguka. Usiku kugeuka kitandani huwa kazi. Choo cha shimo ni mtihani wa kila siku, kwa sababu kuchuchumaa huwezekana ila kuinuka hushindikana. Kiti cha mbao chenye tundu, kinachochongwa na fundi wa mtaani, pamoja na mti wa kushikia uliopigiliwa ukutani, humrudishia mtu faragha yake. Viatu vya kufunga nyuma huzuia maanguko mengi. Anayeshindwa kusujudu au kupiga magoti huhitaji kuambiwa mapema kwamba kuswali au kusali akiwa ameketi si upungufu.

Katika shughuli za kila siku, vifungo vya shati hukataa, kanga haifungiki, na tonge la ugali huanguka kabla ya kufika mdomoni. Kikombe kidogo cha kahawa cha barazani humwagika, na mwenye mkono huo huanza kukaa mbali na baraza. Mwandiko hupungua ukubwa kadiri mstari unavyoendelea, hata benki au ofisi ya pensheni ikaikataa sahihi. Namba ya siri ya simu ya fedha inapokuwa ngumu kubonyeza, hupewa mtu mwingine, na pamoja nayo huondoka mamlaka ya mgonjwa juu ya fedha yake. Hapo suluhisho liko nje ya hospitali: taasisi zikubali alama ya kidole bila usumbufu, tena mbele ya mwenyewe.

Hali ya moyo na aibu huenda pamoja. Sonona na wasiwasi ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu kemikali za ubongo zinazoathirika si zile za mwendo peke yake. Hali hizo zinaweza kutangulia dalili za mwili, na hutibika. Misuli ya uso hukakamaa, tabasamu halionekani, na watu hudhani mtu amenuna au hajali. Mwendo wa kuyumba humfanya aitwe mlevi. Udenda unaodondoka humfanya akwepe kula mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo hujiondoa taratibu kwenye harusi, kwenye misiba, na mwishowe hata kwenye sebule ya nyumba yake wageni wanapoingia. Upweke huo hauko katika seli za ubongo. Huletwa na watu wasioelewa wanachokiona, na unaweza kupunguzwa kwa maelezo ya dakika kumi yanayotolewa kwa familia siku ugonjwa unapotambuliwa.

Msaada wa watu, katika nchi hii, una maana ya mke, binti au mjukuu. Ndiye anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa, ndiye anayemlisha, na mara nyingi ndiye aliyeacha biashara au shule kwa ajili hiyo. Kazi yake haimo katika takwimu za afya, ilhali akiugua mgongo au akichoka moyo, mgonjwa huanguka naye. Mtunzaji anahitaji kufundishwa namna ya kumwinua mtu bila kujiumiza, namna ya kumlisha bila kumpalia, na mahali pa kuuliza.

Upande wa akili, fikra huwa za polepole, na ugonjwa ukikomaa baadhi hupoteza kumbukumbu au huona watu na wanyama wasiokuwepo. Familia isiyojua huita hayo majini. Tabibu anayejua hutazama kwanza kama kuna maambukizi au dawa inayochochea maruweruwe. Mawasiliano hudhoofika sauti inaposhuka hadi simu isisikike, na koo linalofifisha sauti ndilo linalofanya chakula kipalie. Chakula au mate yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia, mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa. Maumivu nayo hupotosha. Bega lililokakamaa hutibiwa miezi mingi kama baridi yabisi, na tatizo la kufunga choo, ambalo matunda, maji na mazoezi hulipunguza, huachwa bila kuulizwa kwa sababu mgonjwa huona haya kulitaja.

Nguzo ya matibabu ni levodopa ikichanganywa na kabidopa. Dopamini yenyewe ikimezwa haipenyi kuingia kwenye ubongo. Levodopa hupenya na kugeuzwa dopamini humo, na kabidopa huizuia isigeuzwe njiani. Mchanganyiko huu umo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Jambo la kuelewa kuliko yote ni kwamba levodopa haikai mwilini. Nusu yake hutoweka kwenye damu kwa muda wa saa moja na nusu hivi, ndiyo maana humezwa mara tatu au zaidi kwa siku, kwa saa zilezile. Aliyemeza saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuvaa, kula na kwenda sokoni. Ugonjwa ukishakomaa, akikosa dozi ya saa sita mchana, kufikia alasiri anaweza kushindwa kuinuka kitini. Dawa ikikatika ghafla kwa siku kadhaa, zinaweza kuja homa kali, kukakamaa kwa mwili mzima na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua. Kwa hiyo dawa inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao haiwezi kuhesabiwa kuwa inapatikana.

Mashauri ya kuimeza nayo ni sehemu ya dozi. Protini hushindana na levodopa, hivyo kidonge humezwa nusu saa kabla ya mlo au saa moja baada ya mlo wa maharage, nyama au maziwa. Ipo pia hofu, hata miongoni mwa madaktari, kwamba levodopa ikianzwa mapema huisha nguvu, hivyo mgonjwa acheleweshewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, walioanza dawa wakiwa wamechelewa, na wa Italia, walioanza mapema. Mwili kuchezacheza bila kukusudia, pamoja na dawa kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, vilianza katika makundi yote mawili baada ya muda unaokaribiana tangu ugonjwa ulipoanza. Kuchelewesha hakukuwaokoa Waghana na chochote. Miaka ya kungoja ilikuwa miaka iliyopotea.

Hatari nyingine imo ndani ya vituo vya afya vyenyewe. Mgonjwa wa Parkinson mwenye kichefuchefu akipewa metoklopramidi, au anayeweweseka akichomwa haloperidoli au klorpromazini, dopamini iliyobaki huzuiwa kufanya kazi na hali yake huporomoka. Dawa hizo zinaweza hata kumletea mtu mzima wa afya dalili zinazofanana na Parkinson. Vilevile mgonjwa anayelazwa kwa malaria au kuvunjika nyonga hupokonywa vidonge vyake mlangoni, kisha hupewa kwa saa za wodi badala ya saa zake. Karatasi moja iliyobandikwa kwenye chumba cha dawa, yenye majina ya dawa za kuepuka na agizo la kutochelewesha dozi, haina gharama ya kutajika.

Kuhusu miti shamba, ukweli ni kwamba mbegu za upupu zina levodopa. Wanasayansi wa India waliitenga humo katika miaka ya 1930, na majaribio ya karibuni katika nchi ambako vidonge ni ghali yameonyesha kwamba unga wa mbegu zilizotayarishwa vizuri hurudisha mwendo. Hata hivyo kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na unga hauna kabidopa, hivyo kichefuchefu kinaweza kuwa kikubwa. Anayeutumia kando ya vidonge bila daktari kujua anaweza kuzidisha dozi. Utafiti wa upupu unastahili kuungwa mkono hapa nchini, mmea unakoota wenyewe, lakini usigeuzwe kisingizio cha kutoleta vidonge.

Mazoezi ni nusu ya pili ya tiba. Ubongo ulioishiwa dopamini hushindwa kuanzisha hatua wenyewe, lakini hufuata ishara inayotoka nje: mistari iliyochorwa sakafuni, makofi, kuhesabu kwa sauti, wimbo wenye mapigo. Wilayani Hai, wagonjwa ambao walikuwa hawajaanza dawa walifundishwa majumbani mwao kutembea kwa kufuata ishara za namna hiyo kwa wiki chache, na mwendo wao ukawa bora. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mtaalamu wa utengamao anaweza kumfundisha mjukuu, naye mjukuu akaendelea kila siku kwa chaki na makofi. Sauti pia hufanyiwa mazoezi, kwa kusoma au kusali kwa nguvu.

Umri wa mgonjwa usichukuliwe kuwa ni mmoja. Muhammad Ali alitambuliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1984, akiwa na miaka 42. Mgonjwa wa umri huo nchini hana msamaha wa matibabu ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inauelekeza kwa wenye miaka 60 na zaidi wasiojiweza. Ana watoto shuleni na kazi ya kupoteza. Na mzee mwenye msamaha anapoambiwa dawa haipo akanunue nje, msamaha wake huishia kwenye karatasi.

Kutokana na hayo, Wizara inaombwa kuchukua hatua kwa kufuata ngazi za huduma. Katika jamii na zahanati, wahudumu wa afya na matabibu wafundishwe dalili nne na vipimo vitatu vya mwendo, pamoja na maneno ya Kiswahili ya kuueleza ugonjwa kwa familia. Katika hospitali ya wilaya, levodopa na kabidopa iwepo mwaka mzima, na mgonjwa aliyetulia apewe ya miezi mitatu kwa mara moja ili nauli isimkatishe dozi. Katika kila hospitali ya mkoa, awepo angalau muuguzi mmoja aliyefunzwa ugonjwa huu, anayefahamu wagonjwa wa mkoa wake kwa majina na anayeweza kupigiwa simu, kwa kuwa madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache na wako mbali. Wagonjwa waliofika hatua ya mwisho wapokelewe katika tiba shufaa, ambayo isiishie kwenye saratani.

TAMISEMI inaombwa kuingiza choo kinachotumika na mtu asiyeweza kuchuchumaa katika ramani za vituo vyote vya afya. Bohari ya Dawa inaombwa kuagiza kwa idadi ya wagonjwa walioandikishwa na kuweka akiba, badala ya kusubiri maombi ya vituo ambavyo havijui vina wagonjwa wangapi. Mfuko wa Bima ya Afya unaombwa kuhakikisha kwamba levodopa na kabidopa, utengamao na matibabu ya sonona vimo katika kitita cha kila mwanachama, wakati huu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inapotekelezwa. Maombi haya yanalingana na ahadi iliyokwisha kutolewa. Mwezi Mei 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha mpango wa miaka kumi kuhusu kifafa na maradhi mengine ya mfumo wa fahamu, wenye lengo kwamba kufikia 2031 asilimia 80 ya nchi ziwe zinatoa dawa muhimu za maradhi hayo katika huduma za msingi.

Mwisho, utekelezaji upimwe. Kila wilaya iwe na rejista ya wagonjwa, na mara moja kwa mwaka kila mgonjwa aulizwe maswali ya ubora wa maisha kwa Kiswahili. Toleo fupi la dodoso, PDQ-8, lina maswali manane tu. Pamoja nayo liandikwe swali la tisa: katika miezi kumi na miwili iliyopita, mgonjwa amekaa siku ngapi bila dawa? Wilaya itakayoweza kuandika sifuri kwenye safu hiyo itakuwa imetimiza sehemu kubwa ya barua hii.